Mpatanishi, msuluhishi, mwamuzi: nani mwenye neno la mwisho?

Mwaka huu, pamoja na masomo yangu ya lugha za Kiafrika, ninafuata somo la utatuzi wa migogoro katika programu ya uzamili ya sheria inayofundishwa kwa njia ya intaneti, kwa Kifaransa. Ninapoandika muhtasari kwa Kiswahili, istilahi mbili hunisumbua kila mara: « médiation » na « arbitrage ».

Kisheria, tofauti iko wazi. Nchi yetu ni mwanachama wa OHADA tangu 2012, na tarehe 23 Novemba 2017, mjini Conakry, OHADA ilipitisha sheria ya pamoja kwa kila moja ya njia hizo. Katika ya kwanza, mtu wa tatu husaidia pande mbili kufikia mapatano. Asiyeridhika anaweza kuondoka. Katika ya pili, mtu huyo hutoa uamuzi wenye nguvu ya hukumu. Uamuzi huo haukatiwi rufaa. Unaweza kuombewa ubatilishwe, kwa sababu chache zilizotajwa.

Kiswahili cha sheria hakijatenganisha njia hizo vizuri. Tanzania ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa migogoro ya kazi: hapo usuluhishi ni njia ya kwanza. Lakini Sheria ya Usuluhishi ya 2020, nchini humohumo, inahusu njia ya pili. Sasa tuchukue mfanyabiashara wa Goma anayetia sahihi mkataba usemao « mgogoro wowote utapelekwa kwa usuluhishi ». Anaweza kudhani amekubali mazungumzo, kumbe ameachia mtu mwingine neno la mwisho.

Tuangalie maumbo ya maneno. *Patanisha* inatokana na *pata*: kiambishi *-an-* kinaleta kutendeana, kisha kinafuata cha kusababisha. Maana yake ni kuwafanya watu wapatane. Wanaopatana ni wao wenyewe. *Suluhisha* inatokana na *suluhu*, neno la asili ya Kiarabu: linataja matokeo, yaani amani, bila kusema nani aliyeamua. Ndiyo maana linabeba njia zote mbili. *Amua* ni kukata shauri, na pia kuwatenganisha wanaopigana. Hapa mtendaji ni mtu wa tatu.

Kwa hiyo napendekeza *upatanishi* kwa njia ya kwanza, na *usuluhishi* libaki jina la jumla. Kwa njia ya pili, *mwamuzi* peke yake halitoshi, kwa sababu hakimu naye huamua. Kusema « mwamuzi wa hiari » kuna hatari: msikilizaji anaweza kufikiri kwamba kutii ni hiari. Nachagua *mwamuzi mteule*: pande mbili zinamteua, kisha yeye anaamua.

Wenzangu wanaotafsiri mikataba wajiulize swali moja kabla ya kuchagua neno: je, msomaji ataelewa nani ana neno la mwisho? Kama hataelewa, istilahi hiyo haijafaa, hata ikiwa imo katika kamusi.