Nafaka Yenye Unyevu

Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru kwamba ilinyeshewa. Mtume akamwuliza mbona kilicholowa hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akamkana mwenye kughushi.

Wengi wetu huisoma hadithi hii katika mlango wa biashara tu. Lakini tazameni yaliyotokea Kitui na Makueni mwaka 2004. Mahindi yaliwekwa majumbani kabla ya kukauka barabara, yakaota kuvu, na kuvu ile ikazaa sumu ambayo leo huitwa sumukuvu. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa, nayo huharibu ini. Watu waligeuka macho manjano, matumbo yakavimba. Katika wilaya hizo na jirani zake walihesabiwa wagonjwa 317 hadi Julai mwaka ule, wakafa 125. Mahindi ya madukani yalipopimwa, zaidi ya nusu yalipita kiwango kilichoruhusiwa. Wala hayakuwa mageni: mwaka 1981 sumu hiyo hiyo iliua watu 12 Machakos.

Basi elimu ilikuwako miaka 23, ila ilikaa kwa madaktari. Nani aliibeba hadi kwa mama mwenye ghala? Kuamrishana mema ni faradhi ya kifaya. Likiachwa na wote, dhambi ni ya wote.

Na kunena huku kuna pande mbili. Mkulima aambiwe asianike mahindi juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai au mkeka, na ghala liinuliwe. Hilo ni jepesi. Zito ni kuwa mwenye njaa hawezi kuambiwa amwage chakula cha wanawe akanyamaza. Mwaka ule ilibidi serikali igawe nafaka nyingine badala ya ile mbovu. Kwa hivyo mwenye kutetea afya za watu hana budi kubisha pia mlango wa mtawala, na siku hizi mlango huo ni wa kaunti, zilizokabidhiwa hospitali na kilimo tangu 2013: adai vikaushio na vyombo vya kupimia kabla ya mavuno, si baada ya maziko.

Atasema mtu: hayo ni ya Ukambani, sisi watu wa pwani yatuhusu nini? Ndugu yangu, huo unga wa sima yako waujua ulikotoka? Na wewe mwenye duka unayesali safu ya mbele, gunia lililopata maji umeliweka juu au chini?