Alkoli Inatokota kwa Degre Ngapi?

Ndugu wafanyakazi wa labo, kila kitu cha majimaji kina degre yake ya kutokota. Ukipewa chupa isiyo na jina, degre hiyo inakusaidia kujua ni kitu gani kilicho ndani. Alkoli ya kawaida na metanoli zinafanana kwa macho, lakini metanoli ni sumu inayopofusha na kuua. Vitabu vinasema alkoli inatokota kwa degre 78, metanoli kwa 65. Kwa hiyo kipimo hiki si mchezo.

Lakini ukipima alkoli safi Lubumbashi, utaona 75 hivi. Je, termometri imeharibika? Sivyo. Vitabu vinahesabu kwa uzito wa hewa wa kando ya bahari, yaani milimeta 760 za zebaki. Lubumbashi iko juu, meta 1.200 hivi, na hewa yake inafika milimeta 660 tu, ao karibu na hapo. Hata maji hayafiki 100. Yanatokota kwa 96, na kule Kolwezi yanapungua tena kidogo. Mama anayepika maharagwe kule anajua jambo hili kwa makala anayomaliza kwenye mbabula.

Sasa tazama kazi yenyewe. Mimina alkoli katika chupa ya mviringo, isipite nusu. Kabla ya kupasha moto, tia vijiwe viwili vitatu ao vipande vya porselani. Bila vijiwe, majimaji yanaweza kupita degre yake yakiwa kimya, halafu yakaruka mara moja mpaka usoni. Umesahau vijiwe na chupa imekwisha kupata moto? Ngoja ipoe kwanza, ndipo uvitie. Ukivitupa ndani ya majimaji ya moto, yataruka palepale mkononi mwako.

Ncha ya chini ya termometri isiingie ndani ya majimaji. Ikae katika mvuke, sawasawa na mahali mrija wa pembeni unapoanzia. Usiandike namba ya kwanza unayoiona. Ngoja matone yaanguke polepole, moja moja, na namba isimame.

Angalisho kubwa linahusu moto. Wengi wanafikiri alkoli inaanza kuwa ya hatari inapotokota. Hapana! Kwa degre 13 tu mvuke wake unatosha kushika moto, na mchana labo zetu zina joto kupita hapo karibu mwaka mzima. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa juu ya meza bila kuonekana, unakuta moto wa gazi ama sigara ya mwenzako upande wa pili, kiisha unarudi kwako ukiwaka. Kwa hiyo usitumie moto wa wazi hata kidogo. Weka chupa katika beseni la maji ya moto, juu ya resho ya umeme iliyofunikwa, si ile yenye nyuzi nyekundu zinazoonekana. Maji ya degre 96 yanatosha kabisa kutokotesha alkoli. Vaa lineti za usalama, na dirisha liwe wazi.

Mrija nao uachwe wazi kwenye mwisho wake. Wapikaji wa lutuku wanalijua jambo hili kuliko wanafunzi wengi: mrija ukiziba, pipa linapasuka. Chupa ya kioo haitangoji hata kidogo.

Kazi ikiisha, zima resho, acha vyote vipoe kabla ya kufungua. Katika daftari andika degre uliyoiona, uzito wa hewa wa saa ile, na mahali. Ukiandika 75 peke yake, mwenzako wa zamu ya usiku atafungua kitabu, hataona alkoli kwenye namba hiyo, naye atamwaga chupa nzima iliyo nzuri. Ama siku nyingine ataona 61 hivi, na kwa kuwa hakuna aliyemwandikia uzito wa hewa, hatatambua kwamba metanoli ndiyo inayotokota hapo.