Dondoo muhimu: Biashara ya dagaa Kibirizi

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mchuuzi wa mwalo wa Kibirizi, kando ya ziwa hilo, ajipange hivi:

• Fuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mzigo hupungua na bei hupanda. Nunua wakati wa giza, uza wakati wa mbalamwezi.

• Anika juu ya chanja. Dagaa wasio na mchanga hupata bei nzuri na hudumu zaidi. Masika nunua kidogo kidogo. Mvua ikishinda, mzigo huoza.

• Ulizia mapema ofisi ya uvuvi. Ziwa likikaribia kufungwa, weka akiba ya dagaa wakavu na usimkopeshe mvuvi mtaji wote.

• Tunza leseni na stakabadhi. Ndizo zitakazoonyesha kuwa mzigo ulinunuliwa kabla ya katazo.

• Usitegemee dagaa wa ng'ambo ya ziwa pekee. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana mwaka 2021 kusimamia uvuvi kwa pamoja, hivyo ng'ambo nako uvuvi unaweza kusimamishwa. Uwe na bidhaa ya pili, kama mawese.