Kodi ya Mwaka, Kazi ya Majaribio

Barua ya ajira ikishatoka, mhitimu anayeanza kazi Dar es Salaam huanza kuulizia chumba: Sinza, Tabata, Kimara, au huko Mbezi ambako pango ni nafuu ila unaamka usiku. Dalali naye ana swali lake moja: una miezi sita au mwaka?

Mwenye nyumba akidai mwaka mzima kwa mkupuo, havunji sheria. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo bei na muda wa malipo ni makubaliano. Basi kabla hujakubaliana na yeyote, soma mkataba wako wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimkingi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Ukilipa pango la mwaka ukiwa kwenye majaribio, umejifunga kwa muda ambao mwajiri wako hajajifunga. Mwombe mwenye nyumba miezi mitatu, hata ikibidi uongeze kidogo. Akikataa, omba kiandikwe kipengele kwamba ukihama kwa notisi ya mwezi mmoja, kodi iliyobaki itarudishwa. Bila maandishi hayo, kuidai ni kazi ngumu.

Ukiwa bado unasoma mkataba huo wa kazi, kama umeajiriwa ukiwa Mwanza au Mbeya, hakikisha mahali hapo pametajwa. Ajira ikikoma mbali na ulikoajiriwa, sheria hiyohiyo ya ajira inamtaka mwajiri akusafirishe na mizigo yako, au akulipe gharama hiyo. Wengi hawaidai haki hii kwa sababu hawajui kuwa ipo.

Turudi kwenye chumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata ukiwa wa mdomo. Lakini mkigombana utathibitisha kwa nini? Andikeni kodi, tarehe, nani analipa maji, na muda wa notisi. Piga picha kuta, dari na choo siku unayopokea funguo. Fedha ziende kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa benki au simu, zisipitie kwa dalali. Na dalali alipwe chake mkataba ukishasainiwa, si kabla.

Mkasaini kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Muhuri wake ni ushahidi mzuri, ila mimi huthamini zaidi anachokijua: nyumba ni ya nani hasa. Nyumba za urithi zina mitego. Unamlipa kaka leo, mwezi ujao dada yake anakuja na barua ya usimamizi wa mirathi. Jina la anayepokea kodi lilingane na jina la mwenye mamlaka juu ya nyumba.

Tazama pia ukuta wa nje kama una alama ya X ya kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Kuna pia zilizo mabondeni, ndani ya mita 60 kutoka mto, eneo ambalo Sheria ya Mazingira ya 2004 inalilinda. Chumba cha hapo huwa rahisi, na sababu utaijua ukiwauliza majirani maji ya masika hufika wapi.

Ukishahamia, hata mkataba usipotaja, una haki ya kukaa bila bughudha kwa muda uliolipia. Ukipanga sehemu tu ya nyumba, matengenezo ya paa, kuta za nje na mifereji mikuu ni ya mwenye nyumba. Muda ukiisha, ukaendelea kukaa kwa ridhaa yake ukilipa kila mwezi, anayetaka kuvunja upangaji atoe notisi isiyopungua mwezi. Kukuwekea kufuli au kukukatia umeme si notisi.

Jambo dogo linalouma: kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU tangu Agosti 2021. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kama mita iko mikononi mwako, kubalianeni mapema ipunguzwe kwenye pango.

Mkishindwana, anzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Beba mkataba, risiti na zile picha za siku ya kwanza.