Kuuza Gari na Kurudi Nyumbani: Somo la Haki kwa Msafiri



Familia nyingi za Miembeni, Kashozi, Kamachumu na Muleba zina mtu aliye mbali. Mmoja alikwenda kusoma, mwingine kutafuta kazi, mwingine kuona dunia. Siku ikifika ya kurudi, msafiri hukutana na maswali mawili ambayo mahubiri yetu huyagusa kwa nadra. Je, anawezaje kuondoka kule aliko bila kumdhulumu mtu? Na anawezaje kuingia kwao bila kujidanganya mwenyewe?

Tuchukue mfano. Kijana wa Miembeni ameishi Ulaya miaka kumi na miwili. Miaka miwili ya mwisho amezunguka nchi kadhaa akiwa na gari kubwa lenye kitanda, jiko dogo na tangi la maji. Ndilo lililokuwa nyumba yake. Sasa mama yake amezeeka, naye ameshakata tiketi. Zimebaki siku tisa. Gari lina kutu chini ya chesisi, na breki za nyuma hushika vibaya likiwa na mzigo. Mnunuzi amejitokeza: baba mwenye watoto wawili, asiyejua magari.

1. Haki katika kuuza

Mtakatifu Thomasi wa Akwino aliliangalia jambo la namna hii katika Summa Theologiae, Sehemu ya Pili ya Sehemu ya Pili, swali la 77. Anatofautisha kasoro inayoonekana na kasoro iliyofichika. Farasi mwenye jicho moja, kila mtu anamwona. Muuzaji akipunguza bei kwa kadiri inavyostahili, halazimiki kupiga mbiu juu ya jicho hilo. Lakini kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hatari au hasara, ni lazima isemwe. Akiinyamazia, muuzaji ametenda udanganyifu, na anawajibika kufidia hasara.

Kwa kipimo hicho, kitambaa cha kiti kilichochanika kinaonekana, na bei ikishuka yatosha. Breki ni jambo jingine. Watoto wawili watalala ndani ya gari hilo, na baba yao ataliteremsha mlimani akiamini litasimama. Kijana wetu hawezi kujitetea kwamba hakuulizwa. Sisi husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mara nyingi tunamcheka aliyenunua, lakini dhambi iko kwa aliyefunga gunia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaendelea katika njia hiyo hiyo inapofafanua amri ya saba. Inataja udanganyifu katika biashara, na pia kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Inataja vilevile ukwepaji wa kodi. Namba inayofuata, 2410, inakumbusha kwamba ahadi na mikataba ni lazima itimizwe kwa kadiri inavyokubaliana na maadili.

Haki hiyo inamhusu pia mnunuzi. Mtakatifu Thomasi anafundisha kwamba kununua kitu kwa bei iliyo chini ya thamani yake ni udhalimu, kama ilivyo kukiuza juu ya thamani yake. Mnunuzi mwingine, asiye yule baba, akijua kwamba kijana ana siku tisa tu, anaweza kungoja siku ya nane ndipo ampe robo ya bei. Watu watamwita mjanja. Lakini amemnyonya mwenzake kwa sababu ya shida yake, kama afanyavyo yule anayenunua kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mwenye shamba anahitaji ada ya mtoto. Hapa Kagera jambo hilo linajulikana kwa jina la butura, na wengi wetu tunajua machozi yake.

2. Haki kwa nchi

Wapo wanaofikiri: kwa nini niuze, si nilisafirishe tu? Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa mtu anayehamisha makazi yake nafuu ya ushuru kwa gari moja, ikiwa amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe huko nje kwa muda usiopungua miezi 12. Ni vema kuuliza ofisi ya TRA mapema kuhusu masharti yote, kabla gari halijapakiwa melini. Nafuu hiyo imewekwa kwa mtu anayerudi kweli. Anayeandika miezi 12 wakati amelimiliki miezi mitatu, au anayekubali jina lake litumike kwa gari la mfanyabiashara, amesema uongo na amechukua kisicho chake.

Wapo pia wageni wanaopita kwetu kutoka Uganda kwa mpaka wa Mutukula, wakiendesha magari ya kulala humo humo. Wengi wao hutumia hati iitwayo Carnet de Passages, inayoruhusu gari kuingia nchini kwa muda bila kulipiwa ushuru, kwa dhamana kwamba litatoka tena. Safari ikiwachosha, baadhi yao hutamani kuliuza hapa hapa. Anayenunua gari la namna hiyo kimyakimya, bila ushuru kulipwa na bila kadi ya gari kubadilishwa jina, anaingia katika kosa pamoja na muuzaji. Bei ikiwa ya chini mno, uliza kwanza sababu.

3. Yakobo anarudi kwao

Tufungue sasa Kitabu cha Mwanzo, sura ya 31 hadi ya 35. Yakobo alikaa kwa Labani miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya wake zake na miaka 6 kwa ajili ya mifugo. Analalamika kwamba mshahara wake ulibadilishwa mara kumi. Alikuwa na sababu ya kuondoka, lakini aliondoka vibaya. Alitoroka bila kuaga, na Raheli aliiba vinyago vya baba yake bila Yakobo kujua. Labani akawafuatia siku saba. Mambo hayakutulia mpaka walipoyasema yote waziwazi, wakarundika mawe kuwa shahidi wa agano, wakala pamoja. Kesho yake Labani aliwabusu wajukuu wake, akawabariki, akarudi kwake.

Hapa tunajifunza jambo la kwanza: safari ya kurudi huanza kwa kufunga hesabu kule unakotoka. Madeni, kodi ya nyumba, mkataba wa kazi, kuaga majirani. Na katika mfano wetu, kumwambia mnunuzi ukweli wa breki. Asiyefanya hivyo atasikia daima hatua za Labani nyuma yake.

Jambo la pili linahusu nyumbani. Yakobo alikuwa amemkosea Esau, na kabla ya kuonana naye alitanguliza zawadi nyingi: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia, ng'ombe na punda. Sisi nasi tunasema mkono mtupu haulambwi, na wasafiri wengi huogopa kurudi kwa sababu ya msemo huo. Wengine hukopa ili waonekane wamefanikiwa. Lakini tazama alichofanya Esau: alimkimbilia ndugu yake, akamkumbatia, nao wakalia. Kuhusu mifugo alisema anayo ya kutosha, akaipokea tu baada ya kusihiwa. Usiku uliotangulia, Yakobo alishindana na mtu hadi alfajiri, akateguka nyonga. Kwa hiyo alifika mbele ya ndugu yake akichechemea, na alipokewa hivyo hivyo.

Jambo la tatu ni zito zaidi. Rebeka alipomtuma mwanawe kwa Labani alidhani atakaa siku chache. Maandiko hayasemi popote kwamba walionana tena. Yakobo alimkuta Isaka, na baadaye yeye na Esau wakamzika baba yao pamoja. Mwenye mama mzee nyumbani asihesabu miaka kana kwamba ni yake.

4. Nyumbani kwetu

Kwetu kurudi kuna uzito wa pekee, kwa kuwa katika kibanja kuna migomba na makaburi ya wazee pamoja. Tunakumbuka Kardinali Laurean Rugambwa, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1997 baada ya kutumikia mbali na kwao kwa muda mrefu. Alizikwa Kashozi, na mwaka 2012 masalia yake yakahamishiwa katika Kanisa Kuu la Bukoba.

Lakini anayerudi ajue kwamba kibanja alichokiacha hakikumngoja. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi za Bukoba. Mnyauko umeua migomba. Ndugu aliyebaki ndiye aliyelima, aliyeuguza wazazi na kulinda mipaka. Haki inadai msafiri asije na fedha za gari akaanza kutoa amri. Na waliobaki wasimgeuze benki. Wampe akamwani kama ilivyo desturi, wakae, wamsikilize kabla ya kumuuliza ameleta nini.

Maswali ya tafakari katika jumuiya

1. Je, nimewahi kuuza kitu nikinyamazia kasoro yake? Kama mtu alipata hasara, nawezaje kumfidia?
2. Je, nimewahi kununua shamba, kahawa au chombo cha mtu kwa bei ya chini kwa sababu alikuwa na shida?
3. Katika familia yetu kuna nani aliye mbali anayeogopa kurudi mikono mitupu? Ni nani kati yetu atakayempigia simu wiki hii, na atamwambia nini?