Kidonda cha Kinywani Kisichopona

Kidonda kidogo cha kinywani watu wengi hawakihesabu kuwa ugonjwa. Na kweli, vilivyo vingi hupona vyenyewe kwa siku 7 mpaka 14. Lakini yakipita majuma matatu na kidonda kingali pale pale, basi pana jambo linalokizuia, nalo yafaa litafutwe.

Tazama kwanza meno. Jino lililovunjika huchubua ulimi au shavu mahali pale pale kila siku, na dawa ya kupaka haifai kitu mpaka jino lenyewe litengenezwe au ling'olewe. Ikiwa vidonda hupona kisha hurudi, huenda damu imepungukiwa na madini ya chuma au vitamini. Tena uko utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Kwa mtoto mchanga si ajabu, lakini mtu mzima akiupata na apimwe damu, maana huweza kuwa dalili ya kisukari au ya virusi vya UKIMWI. Kupimwa si aibu.

Wengine hupaka mrututu. Mimi siusifu hata kidogo: huunguza nyama nzima pamoja na mbovu, na mgonjwa hudhani ule uchungu ndiyo kazi ya dawa. Ni heri asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Mvuta tumbako, mtumiaji wa ugoro na mnywaji wa pombe wajiangalie zaidi, kwa kuwa hao ndio wapatwao mara nyingi na saratani ya kinywa. Kidonda chake kina ukingo mgumu, na mwanzoni mara nyingi hakiumi; kwa hiyo hudharauliwa.

Walakini mtoto hangojewi majuma matatu. Mtoto wa miaka 2 mpaka 6 aliyedhoofika kwa kukosa chakula chema, au aliyetoka kuugua surua, akitokwa na damu kwenye ufizi, kinywa kikinuka na shavu likianza kuvimba, huenda ni noma, ugonjwa ulao nyama ya uso kwa siku chache tu. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ukiwahiwa, huzuiwa kwa dawa za antibiotiki, usafi wa kinywa na chakula cha kutia nguvu. Basi mwalimu wa kijiji akiona dalili hizi katika nyumba yo yote, awahimize wazazi wampeleke mtoto hospitali siku ile ile.