Wali Umepanda Jero: Somo la Herufi Mbili

Mwaka wa pili nilikuwa mwakilishi wa darasa. Kantini tunayokula ikapandisha bei: wali maharage uliokuwa 1,500 ukawa 2,000. Wenzangu wakanibana niandike barua, na barua za ofisi pale chuoni zinaandikwa kwa Kiingereza. Nikakesha nayo, nikaipamba kwa maneno mazito, na katikati nikaweka sentensi ambayo ndiyo ilikuwa roho ya malalamiko yetu: "The price has increased to 500 shillings."

Siku ya tatu nikaitwa. Mzee wa ofisini alikuwa amezungushia duara la penseli neno moja tu, "to". Akaniangalia juu ya miwani. "Kijana, kama sahani ya wali imefika mia tano, mnalalamika nini? Nionyesheni hiyo kantini na mimi nikale."

Nikarudishwa kuandika upya. Zikapita wiki mbili nyingine kabla barua haijasikilizwa, na wiki mbili zote hizo watu waliendelea kulipa buku mbili. Wapo walioamua kuruka mlo wa mchana. Herufi mbili tu, jamani.

Nilichotaka kusema ni "increased by 500". Neno "by" linapima ukubwa wa hatua, "to" linataja mahali safari ilipoishia. Bei ilipanda by 500, from 1,500, to 2,000. Kiswahili nacho kina "kwa" na "hadi", lakini mtaani tunasema tu "wali umepanda jero" na hakuna anayeuliza. Tangu siku ile nikaanza kujiuliza: mbona tunateleza palepale kila siku, wakati Kiingereza tumekisoma miaka yote hii?

Jibu nililolipata ni hili: lugha hizi mbili zinaweka njia mahali tofauti.

Kwetu njia iko ndani ya kitenzi

Tazama vitenzi hivi: ingia, toka, panda, shuka, vuka, rudi. Kila kimoja kimeshabeba mwelekeo wake. Ndiyo maana neno "sokoni" halihangaiki: niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni. Kitenzi kimeshamaliza kazi. Mwingereza lazima abadilishe kihusishi kila mara: "at the market", "to the market", "from the market". Sisi hatukuzoea kulibeba hilo, kwa hiyo tunalidondosha au tunaokota lolote lililo karibu.

Kwao kitenzi kinasema mtu alisogeaje, kihusishi kinasema alipita wapi. Chukua "run" peke yake: "run into the room", "run out of the room", "run across the road", "run up the stairs", "run down the stairs". Sasa sema kwa Kiswahili: aliingia mbio, alitoka mbio, alivuka mbio, alipanda mbio, alishuka mbio. Kitenzi chao kimoja, vyetu vitano. Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, aliziweka lugha kwenye makundi kwa kigezo hiki: zinazotia njia ndani ya kitenzi, kama Kihispania, na zinazoiweka pembeni yake, kama Kiingereza. Kwa mifano hii, Kiswahili kinakaa upande wa Kihispania.

Kwa nini "enter into the room" ni kosa

Hili nimelisikia hata kwenye mawasilisho ya mwaka wa tatu. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilianza kumwaga maneno mengi ndani ya Kiingereza. "Enter" na "descend" yalitokea huko, na yana tabia kama ya vitenzi vyetu: njia imo ndani. Kwa hiyo tunasema "enter the room" bila nyongeza, lakini "go into the room". Tunasema "descend the stairs", lakini "go down the stairs". "Enter into" ipo, ila inakaa na mambo kama makubaliano: "enter into an agreement".

Angalia pia "arrive". Sisi tunafika mahali, basi tunaandika "arrive to". Wao wanasema "arrive at the station" na "arrive in Dodoma".

Tunachokificha kwenye kauli ya kutendea

Sisi nasi tuna ufundi wetu. Mtu anahama hosteli, mwingine anahamia hosteli. Silabi moja tu imegeuza safari nzima. Kiingereza kitasema "move out of the hostel" na "move into the hostel". Lakini kauli hiyohiyo inatutega. Tunasema "alinitupia mpira" na "alinitupia jiwe", kitenzi kilekile. Mwingereza anatenganisha: "threw the ball to me", nilipaswa kuudaka, "threw a stone at me", nilipaswa kukimbia. Vivyo hivyo, "shout to" ni kumwita mtu aliye mbali, "shout at" ni kumfokea. Ukikosea hapo kwenye barua ya malalamiko, unaweza kumshtaki mtu aliyekuwa anakusalimia tu.

Mabadiliko nayo ni safari

Kiingereza kinachukua vihusishi vya mwendo na kuvitumia kwa mambo yasiyotembea kabisa. Kitu kikibadilika, ni kama kimetoka hali moja kikaingia nyingine. "The meeting turned into a quarrel", kikao kikageuka ugomvi. "She burst into tears", akaangua kilio. "Translate it into Swahili", kitafsiri kwa Kiswahili. "Divide them into groups", wagawe katika makundi.

Hata maneno yanaweza kumsukuma mtu. "They talked me into writing the letter" maana yake walinishawishi mpaka nikaandika. "They talked me out of it" maana yake walinishawishi nikaacha. Ukitafsiri neno kwa neno hutoboi.

Tofautisha pia "in" na "into". "He ran in the field": alikuwa tayari uwanjani, anakimbia humo. "He ran into the field": alikuwa nje, akaingia mbio. Halafu usishtuke ukisikia "I ran into my lecturer". Hakumgonga, amekutana naye tu bila kutarajia.

Ninavyofanya siku hizi

Kitenzi sikiandiki peke yake kwenye daftari. Nakiandika pamoja na kihusishi chake, ndani ya sentensi nzima. Na kabla sijakabidhi ripoti yenye namba, najiuliza maswali matatu: tumetoka wapi? Tumeishia wapi? Tumesogea kiasi gani? "From", "to", "by". Maswali hayo nayarudia hasa ninapoandika kwa niaba ya watu wengine, kwa sababu nikikosea mimi wanaolipa ni wao.

Jipime

1. The fare rose from 600 ___ 700, so it rose ___ 100.
2. Our class was divided ___ four groups.
3. The conductor was angry and shouted ___ us.
4. We entered ___ the lecture hall.

Majibu: (1) to, by; (2) into; (3) at; (4) usiweke kitu.

La tano nakuachia mwenyewe. Baada ya barua yangu ya pili, kantini ilishusha wali maharage kutoka 2,000 ukawa 1,800. Iandike sentensi hiyo kwa Kiingereza, kisha mpe mwenzako aisome akuambie analipa shilingi ngapi.